Mnaotaka kwenda kutalii Costa Rica: someni kwanza yaliyonikuta na mzigo wa Mama Esperance

Wakuu, poleni na majukumu. Mlio kazini nawapa pole, mlio off nawaonea wivu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, huwa nacheka na nyuzi zenu nikiwa kwenye basi la Don Mills mpaka watu wananitazama. Leo nimeona nami nichangie. Yote haya yamenitokea mwenyewe, na mume wangu yuko hapa anasoma nyuma ya bega langu akisubiri nikosee. Kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Tuanze.

Naishi Toronto, pale Flemingdon Park. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulea wazee: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwageuza kitandani. Siku za off nasuka nywele sebuleni kwangu. Baba Glory yuko kwenye ghala kule Downsview. Mtoto wetu Glory ana miaka kumi na moja, Kiswahili anakielewa chote hadi umbea, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Sasa miaka yote likizo yetu ni kwenda nyumbani Bukoba.

Na mnaojua mnajua, kwenda nyumbani si likizo. Unashuka kwenye ndege tayari kuna kamati ya harusi inakusubiri. Kuna mtoto wa binamu anataka ada, kuna paa la kanisa, kuna shangazi ambaye simu uliyomletea si ile aliyoitaka. Nawapenda wote, Mungu shahidi. Lakini kila nikirudi Toronto nakuwa nimechoka kuliko nilivyoondoka, na kesho yake niko shift.

Mwaka huu nikamwambia Baba Glory: nataka wiki moja, wiki moja tu, ambayo hakuna binadamu ataniomba kitu.

Mwenzangu mmoja kazini, Mkanada, alikuwa ametoka Costa Rica. Akanionyesha picha. Milima ya kijani, maporomoko, na mabwawa ya maji ya moto yanayotoka chini ya volkano, watu wamekaa humo hadi shingoni, hawafanyi chochote. Nikaiangalia ile picha wiki nzima. Nikasema mimi ndiye ninayefuata kukaa humo.

Nikatangaza nyumbani.

Glory akauliza, "Who do we know there?"

Nikamwambia hatumjui mtu.

"So why are we going?"

Baba yake akamuunga mkono haraka. "Mtoto ana hoja. Unaendaje nchi ambayo humjui mtu? Ukiumwa utafikia kwa nani?"

Wakuu, hapo ndipo nilipoona kuwa hatujawahi kutalii. Sisi tunasafiri kwenda kwa mtu. Hii ya kwenda tu mahali, ulale, ule, urudi, hatukufundishwa.

Ngoja niingize ushauri wa kwanza hapa kabla sijasahau. Sisi tuna ukaazi wa Canada lakini pasipoti bado ni za Tanzania. Msimsikilize mtu wa kanisani wala mimi: ulizeni ubalozi wao wenyewe kuhusu viza, na muulize habari ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu wenye pasipoti zetu tunaangaliwa kwa jicho tofauti na kanuni hubadilika. Ulizeni kabla ya kukata tiketi. Nimeona watu wamelia airport.

Haya, tukakata tiketi za Julai, shule zikifungwa. Bei ni nafuu kwa sababu ni msimu wa mvua. Msiogope mvua yao. Asubuhi jua linawaka vizuri, mvua inakuja alasiri. Mambo yenu yote ya kutembea yafanyeni asubuhi, alasiri mkae barazani.

Sasa mabegi.

Mtanzania akisikia ana kilo ishirini na tatu za bure lazima azijaze, hata kama anakwenda mahali ambapo hakuna wa kupokea. Nilimkuta Baba Glory anapima begi kwenye mzani wa bafuni, ameweka mashuka, sabuni za kufulia na T-shirt mpya kadhaa. Nikamuuliza T-shirt za nani. Akasema, "Huwezi kujua, tunaweza kukutana na mtu."

Nilizitoa. Nikadhani nimeshinda.

Jumapili iliyofuata, bila kunishirikisha, akasimama kanisani kuomba maombi ya safari. Mchungaji akatuita mbele. Tukaombewa vizuri sana. Ibada ilipoisha tu, nikamwona Mama Esperance anatufuata kwenye maegesho mbio mbio na kiatu kimoja kinamvuka.

Mama Esperance ni Mkongo wa Bukavu, mama mmoja mchangamfu mno. Akanishika mikono yote miwili. "Dada, Mungu njo amewatuma! Miye niko na mudogo wangu kule Costa Rica, Furaha. Miaka mingi hatuonani. Mutamupelekea kamuzigo kadogo tu."

Kabla sijafungua mdomo Baba Glory alikuwa ameshasema, "Hakuna shida kabisa, mama." Alikuwa anang'aa usoni. Hatimaye tuna mtu wa kumfikia!

Ushauri wa pili, na huu nausema kwa herufi kubwa: USIBEBE MZIGO AMBAO HUJAUFUNGUA. Hata wa mama wa kanisani. Hata wa mchungaji. Ule "kadogo" ulipofika nyumbani ulikuwa umezungushiwa selotepu kama mtu amefungwa plasta. Nikamwambia Mama Esperance akae, nikachukua kisu nikaufungua mbele yake. Alinuna kidogo kisha akaelewa. Nikatoa samaki wakavu, nikatoa unga, maana forodha za watu hazitaki vyakula. Vikabaki kitenge kimoja na pakiti za nywele za kusuka. Nyingi.

Nikaziangalia zile nywele.

Mama Esperance akaangalia pembeni.

Nikajua moja kwa moja. Nywele hazijisuki zenyewe. Yule mama anajua mimi ni msusi, nimemsuka mwenyewe mara chungu nzima. Nikajisemea moyoni: nitaufikisha mzigo, nitasalimia, nitaondoka. Kichwa cha mtu sishiki. Nimeomba wiki moja tu, jamani.

Tukaruka.

Kama mnakodi gari, bei ya mtandaoni msiiamini. Kuna bima ya lazima ambayo wanakutajia ukishafika kaunta, umechoka, mtoto ana njaa. Ulizeni mapema kwa maandishi. Msiendeshe giza likiingia, barabara za milimani zina kona na ukungu. Na madaraja mengi yanapitisha gari moja tu: ukikuta kibao kimeandikwa CEDA, wewe ndiye unayesubiri. Baba Glory alimpungia mkono kila dereva aliyempisha, nao wakampungia. Kufika nusu ya safari alikuwa amesalimiana na nusu ya nchi.

Tulifikia mji mdogo chini ya volkano ya Arenal. Nyumba ya wageni ni safi, maji ya bomba pale tuliambiwa yanafaa kunywa na tukayanywa salama. Ila karatasi za chooni sehemu nyingi haziingizwi chooni, kuna ndoo pembeni. Zingatieni hilo msije mkaaibika.

Chakula kuleni kwenye migahawa midogo ya kina mama, wao wanaiita soda. Wali, maharage, ndizi mbivu za kukaanga, kabichi, kipande cha kuku. Baba Glory alikula sahani yote, akafuta mdomo, akasema, "Hiki ni chakula cha shule, ila kimepikwa na mtu anayekupenda."

Tour chagueni kwa akili. Sisi tulilipia ya shambani bila kusoma vizuri. Tukapelekwa kuonyeshwa mgomba. Mnamchukua mtu wa Bukoba mnamwonyesha mgomba! Kijana anaeleza jinsi ndizi inavyoota, Baba Glory amekunja mikono, anatingisha kichwa kama mkaguzi. Tukaonyeshwa kahawa. Halafu wakaja ngedere, watalii wote wakapiga kelele na kamera, sisi tukashika mabegi yetu vizuri. Nilicheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma.

Kilichonigusa ni mnyama wao mmoja anayening'inia kwenye mti siku nzima bila haraka na chochote. Alifumbua jicho, akatuangalia, akalifumba. Nilisimama pale chini muda mrefu nikimwonea wivu.

Sasa ile siku yenyewe.

Nilikuwa nimelipia bwawa la maji ya moto, alasiri, na hela hairudi usipotokea. Ile picha, mnakumbuka. Baba Glory akasema, "Tunapita kwa Furaha dakika kumi tu, tunaacha mzigo, tunakwenda kwenye maji yako."

Dakika kumi. Mwanaume anazungumzia kumtembelea Mkongo aliyekaa miaka bila wageni, anasema dakika kumi.

Tuligombana kidogo kwenye gari. Nikamwambia mimi sishuki. Glory akaweka earphones.

Anwani ilikuwa hivi: kutoka kanisani mita mia mbili kusini, kisha mita hamsini magharibi, geti la bluu. Basi, hakuna namba wala jina la mtaa, na ndivyo kule wanavyoelekezana. Ramani ya simu ilichanganyikiwa, Baba Glory alifurahi kama amerudi nyumbani. Akashusha kioo akauliza watu kwa mikono, akafika bila kupotea.

Wenyeji wa kule wana hodi yao, unasimama nje ya geti unaita "Upe!" Baba Glory alikuwa ameshaifanyia mazoezi. Sijui ni nini kilimpata pale getini. Akaita, "Hodi!"

Ndani tukasikia sufuria imewekwa chini kwa kishindo, na sauti ya mwanamke ikaita, "Karibu! Karibu! Karibuni!" kabla mwenyewe hajaonekana. Akatoka anakimbia na mwiko mkononi. Mama wa makamo, mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Hodi!" akasema, anacheka na macho yamejaa machozi. "Tangu nifike huku, hakuna hata mutu moja alinibishia hodi!"

Nikashuka kwenye gari. Ningefanyaje, wakuu?

Furaha anapika kwenye mgahawa pale mjini, siku hiyo alikuwa na mapumziko. Jinsi alivyofika nchi ile ni safari ndefu, ni yake kuisimulia na mimi siigusi. Anaongea Kifaransa, Kiswahili na Kihispania cha jikoni. Kiingereza hajui hata neno.

Nikamkabidhi mzigo. Kitenge akakikumbatia. Zile nywele akazipapasa, akanyanyuka kuziweka kabatini, na mimi kutoka pale nilipokaa nikaona ndani ya kabati. Kulikuwa na pakiti nyingine za nywele zimepangwa vizuri, hakuna iliyofunguliwa hata moja.

"Kila mwaka Esperance ananitumia kwa posta," akasema. "Sijamwambia kama huku sipati mutu wa kunisuka. Atasikitika."

Nikasema moyoni: haya, ombi linakuja. Nilikuwa nimeshaandaa jibu langu tangu Toronto. Dada, ningependa sana, ila mikono inaniuma. Wala si uongo, inauma kweli.

Halikuja.

Alitupa chakula. Sombe, yaani kisamvu, cha majani aliyochuma nyuma ya nyumba. Akasema majirani wanapanda muhogo kila mahali lakini majani hawali, wanamshangaa. Tukala kwa mikono. Nikangojea aniombe baada ya chakula. Akatoa vyombo. Nikangojea akirudi. Akarudi, akanitazama usoni.

"Dada, uko na macho ya mutu hajalala tangu mwaka jana. Ingia mule kwa chumba, ulale."

Nikasema hapana, tuna maji ya moto, tumelipia. Mvua ikaanza, ile ya alasiri, ikapiga kwenye bati. Nikasema basi nijinyooshe kidogo mpaka ipungue.

Nilivyolala, wakuu, hata sikumbuki kuvua viatu. Nadhani nilivuliwa.

Niliamka kwa sauti. Mtu anaongea Kiswahili jikoni, kibovu, kinakwama, lakini Kiswahili. "Mimi nataka... nataka kujua, hii majani unapika muda gani?" Nikadhani ni jirani. Nikainuka nikachungulia.

Glory.

Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasaidia kutwanga majani mengine, anaongea na mwanamke ambaye hakuna njia nyingine ya kuongea naye. Miaka kumi na moja nimembembeleza yule mtoto kwa pipi na kwa vitisho. Nilirudi nyuma ya mlango nikajiziba mdomo ili asinisikie nikicheka.

Baba Glory alikuwa barazani, anaangalia saa kwa woga. Muda wa maji ya moto ulikuwa umepita kabisa. Akasema, "Nilitaka kukuamsha, Furaha akanikataza."

Nilitafuta hasira nikaikosa. Mwili ulikuwa mwepesi.

Zikabaki zile nywele zinanisumbua. Nikaenda jikoni nikamuuliza Furaha waziwazi, "Esperance hakukuambia kwamba mimi nasuka?"

Akainamisha kichwa. "Aliniambia. Alisema nikuombe. Nilingojea siku mingi, kila siku naangalia geti." Akashika kile kitambaa chake. "Lakini nimekuona uso pale ukishuka kwa gari. Nikasema, hapana. Huyu wamemuomba ya kutosha. Uko kwa congé, likizo yako, dada. Nywele itangoja."

Nililia. Sitawaficha, nililia pale jikoni mbele ya mtoto na vyombo. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu aliniona nimechoka, akaniacha tu nichoke.

Nikafuta uso. Nikamwambia, "Leta chanuo."

"Hapana, dada."

"Furaha, leta chanuo kabla sijakasirika."

Tukakaa barazani, yeye kwenye mkeka, mimi kwenye kiti, kichwa chake katikati ya magoti yangu. Mvua inanyesha. Nywele zilikuwa zimekatwa kwa mkasi bila mpangilio, ilibidi nianze kwa kutengeneza. Nikamsuka zile ndogo ndogo, ambazo Toronto huwa nakataa. Huko wateja wangu wanaangalia simu. Huyu alisimulia Bukavu yote, mtaa kwa mtaa, mama yake alivyokuwa anamsuka Jumamosi, kisha sauti ikapungua akasinzia hapo hapo magotini. Vidole vyangu haviku... naomba mniamini, havikuuma.

Nilipomaliza giza lilikuwa limeshaingia, Glory akamletea kioo. Furaha akajitazama upande huu, upande ule. Akakitupa kile kitambaa kwenye kiti, akatoka, akafungua geti la bluu, akasimama nje barabarani chini ya taa, mvua bado inadondoka, akingoja yeyote apite amwone.

Akapita mzee mmoja wa baiskeli. Akavua kofia.

Wakuu, ushauri wangu ndio huo. Viza ulizeni mapema, bima ulizeni kwa maandishi, kwenye CEDA simameni, tour za migomba waachieni Wakanada. Mzigo wa mtu ufungueni kwanza, kisha ubebeni. Na mkiwa na mtu kule, hata wa mbali, msiseme dakika kumi.

Wenye uzoefu wa Panama, Belize na kwingineko upande ule shusheni hapa chini, maana Glory ameshaanza kuuliza kwa Kiswahili tunaenda lini tena. Wanaotaka kunisema kwa kukosa maji ya moto niliyoyalipia pia karibuni, mume wangu ameshatangulia.

Mimi sijutii. Niliomba wiki moja ambayo hakuna mtu ataniomba kitu, na Furaha, aliyekuwa na haki zote za kuniomba, hakuniomba.